Finyanga Mtungi Unaong'aa Bila Gleizi, kwa Njia ya Magdalene Odundo

Habari zenu, karibuni tena mezani. Leo tunafinyanga mtungi mmoja, mdogo, kimo cha shubiri moja na nusu, na tutaufanya ung'ae bila gleizi, yaani ule utando wa kioo unaopakwa chombo na kuyeyukia juu yake motoni, bila vanishi, bila mafuta. Udongo, maji, kokoto na moto, basi. Njia tutakayoifuata ni ya Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake leo zimo British Museum kule London na katika makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Hatumwigi umbo kwa umbo. Umbo ni lake. Tunafuata kazi ya mikono, na tukifika penyewe nitawaambia aliipata wapi, maana hatua zake nyingi zina anwani.

Vifaa ni hivi. Udongo mwekundu wa mfinyanzi, kilo 4 hivi. Gae la kibuyu, ukingo wake umesuguliwa mpaka hauumi mkono. Kipande cha msumeno wa chuma cha kuparuzia. Kijiko cha chuma. Kokoto ya mtoni isiyo na hata mkwaruzo mmoja. Ipitishe shavuni, kama inakwaruza ngozi yako itakwaruza na mtungi. Kitambaa cha pamba. Sinia kuukuu. Na nailoni ya kufunikia: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, lakini nailoni ya kutandika mezani inauzwa kwa mita na ndiyo nzuri zaidi. Gurudumu hatutumii. Odundo alisomea Uingereza, ambako gurudumu halikuwa mbali naye, akachagua mkono.

Tuanze na udongo. Kama kuna duka la vifaa vya sanaa karibu nawe, nunua. Wengi wetu hatunalo, kwa hiyo tunachimba: kingo za mto, mabonde ya mpunga, hata kichuguu, maana mchwa wameshakufanyia kazi ya kuchekecha. Chukua kidogo, lowesha, vingirisha kamba ya unene wa kalamu, kisha izungushie kidoleni. Hebu nisogeze mkono karibu na kamera. Hii ya kulia imepinda bila kupasuka, inafaa. Hii ya kushoto imefunguka nyufa nyufa upande wa nje. Ina mchanga mwingi, tumboni itakuvumilia, ukifika shingoni itakuacha njiani.

Ukiupata ulio mzuri, uloweke, uuchuje mawe na mizizi, kisha uuanike juu ya gunia mpaka ushikike bila kuganda vidoleni. Halafu unahitaji chenga. Chenga ni vigae vya vyungu vya zamani, vimetwangwa kwenye kinu na kupitishwa kwenye chujio la chai. Konzi moja ya chenga kwa konzi tano za udongo. Kazi yake ni kuupa unyevu njia ya kutokea wakati wa kukauka na wakati wa moto. Usiziache kubwa, kwa sababu mtungi huu tutausugua kwa kokoto, na kila chenga kubwa itang'oka na kuchora mstari.

Sasa kanda. Kata bonge katikati kwa uzi, angalia ndani. Ukiona vitundu vya hewa, rudia. Sehemu hii ya video naikimbiza, kukanda ni kukanda.

Haya. Bonge liko tayari, na hapa ndipo Odundo anapoingia. Mwaka 1971 alipokwenda Cambridge hakuwa mfinyanzi. Utoto wake aliupitisha India na Kenya, Mombasa ikiwemo; baadaye akasomea usanifu wa michoro Kabete na kufanya kazi ya matangazo Nairobi. Udongo aliukuta Uingereza, akahamia chuo cha sanaa cha Farnham kuusomea. Kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Katikati ya miaka ya 1970, angali mwanafunzi, alirudi Afrika kutafuta walimu. Alifika Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja, nayo ni Abuja ya zamani, mji ambao leo unaitwa Suleja. Kituo hicho kilianzishwa na Mwingereza Michael Cardew mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kufundisha gurudumu na gleizi. Lakini Odundo alichokifuata kwa Ladi Kwali, mama wa Kigwari aliyefanya kazi pale, ni ufundi ambao mama huyo alikuja nao kutoka kwao: kuinua chungu kwa mikono mitupu. Ladi Kwali yuko kwenye noti ya naira 20. Mfinyanzi, jamani, kwenye noti ya benki.

Ufundi wenyewe ni huu. Mfinyanzi wa Kigwari hazungushi chungu. Chungu kinatulia, yeye anakizunguka kwa miguu, kiuno kimeinama, akirudi kinyumenyume. Mtungi wetu ni mdogo, kwa hiyo nimeweka sinia juu ya kigoda na mimi ndiye ninayezunguka. Ukikaa kitini na kugeuza sinia utafika pia, ila mkono hupenda kurudia pembe ileile na tumbo litatoka limebonyea upande mmoja.

Nyunyiza majivu kwenye sinia udongo usigande. Weka bonge. Piga ngumi katikati, tena, tena, likifunguka acha kitako chenye unene wa vidole viwili. Usiwe na haraka ya kukipunguza, tutarudi kukiparuza baadaye. Mkono wa kushoto unaingia ndani. Wa kulia unabaki nje na gae la kibuyu. Wa ndani unasukuma, gae linaupokea udongo na kuupandisha. Unaanzia chini kabisa, unapanda mpaka ukingoni kwa mkupuo mmoja, unasogea hatua moja pembeni, unaanza tena chini. Tazama kidole gumba changu: hakibonyezi, kinaongoza tu. Nguvu inatoka begani. Ukianza kubonyeza kwa vidole utaacha mashimo ambayo utayatafuta siku nzima kwa msumeno.

Utajuaje unene? Gonga ukuta kwa ukucha, taratibu. Panapotoa sauti nzito bado pana udongo wa kupandisha. Panapotoa sauti nyepesi, paache. Tunataka unene wa kama nusu sentimita tumboni na zaidi kidogo chini. Mitungi ya Odundo ukiitazama kwa mbali unadhani ni mizito, inayoning'iniza tumbo. Kuta zake ni nyembamba. Ule uzito unaouona ni wa umbo.

Tumbo likishasimama, lipumzishe. Funika ukingo kwa kitambaa kibichi, tumbo liache wazi kivulini lipate upepo kwa saa mbili tatu. Linataka kuwa gumu kiasi cha kubeba shingo, na ukingo unataka kubaki mbichi ili ushikane na udongo mpya. Ukikosea kimojawapo, shingo itazama au itabanduka.

Shingo tunaipandisha kwa kamba za udongo. Vingirisha kamba ya unene wa kidole cha mwisho, chora mikwaruzo kwenye ukingo, paka udongo uliolowa, bandika kamba, kisha ivute ishuke ndani na nje mpaka kiungo kipotee. Kamba moja, shikisha, lainisha. Kamba ya pili. Usibandike tatu kwa mpigo.

Na sasa swali la umbo, nami hapa nitakaa kidogo. Watu wakisikia mfinyanzi wa Kiafrika wanategemea chungu cha kupikia. Odundo havutwi na jambo moja. Mwaka 2019 nyumba ya sanaa ya Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, ilimpa kumbi zake akapanga mitungi yake pamoja na vitu alivyovichagua mwenyewe: vyombo vya Misri na Ugiriki ya kale, vitu kutoka Afrika, sanamu za Rodin na za Degas, yule aliyewafinyanga wacheza dansi. Ukitoka kwenye orodha hiyo ukarudi kwenye mitungi yake, unaona mwili wa mtu kila mahali. Tumbo la mjamzito. Mgongo uliopinda nyuma. Vinundu viwili vidogo ubavuni, pale ambapo mfinyanzi mwingine angeweka vishikio. Shingo nyingine zinainuka na kupanuka kwenda nyuma, ukiziona unawaza nywele za wanawake wa Kimangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo. Na mara nyingi kazi hizo hazina majina, zinaandikwa hivyohivyo, bila jina, kwa hiyo hakuna anayekwambia uone nini.

Kwa hiyo kabla hujabandika kamba ya tatu, simama. Chukua karatasi, mchore mtu mmoja aliye mbele yako, aliyekaa au aliyeegemea mlango. Mistari mitatu inatosha: shingo, bega, kiuno. Usimchoree uso. Mimi nimemchora dada yangu akiwa ameinama kuchukua ndoo, na ule mstari wa kutoka kisogoni mpaka begani ndio nitakaoutumia kwenye shingo ya mtungi huu. Ndiyo maana naiegemeza upande wa kushoto. Ukiegemeza, jihadhari na uzito: ongeza kamba nene kidogo upande wa pili wa tumbo, kisha sukuma ukingo kwa kidole kimoja. Kama mtungi unainua kitako, bado. Mdomo nao ukate kwa uzi, kwa mshazari, ukianzia nyuma, halafu ulainishe kwa kipande cha ngozi kilicholowa.

Funika kwa nailoni, ulaze usiku mmoja.

Asubuhi mtungi uko nusu kavu. Ukiugusa ni kama sabuni ya mche iliyokaa dukani: unakatika bila kubonyea. Sasa ndiyo saa ya msumeno. Paruza kwa mshazari, kwanza kulia, kisha kushoto, mistari ikikatana, na utaona mabonde yakijitokeza kwa kuwa msumeno unaruka juu yake. Usijaze mabonde kwa udongo mpya, shusha vilima. Baada ya msumeno pitisha kijiko, baada ya kijiko pitisha kitambaa kibichi mara moja tu. Kitako nacho paruza sasa, geuza mtungi juu ya mto wa kitambaa ili mdomo usiumie.

Rojo ya kupaka unatakiwa uwe umeitengeneza jana. Twanga udongo mkavu uleule, usio na chenga, kilo 1, uumimine kwenye lita 3 za maji pamoja na kijiko kimoja cha chai cha soda ashi, ile inayochimbwa Ziwa Magadi. Koroga vizuri, weka kwenye chombo kirefu kinachopitisha mwanga, kisha usikiguse mpaka kesho yake saa zilezile. Soda inazitenganisha punje: nzito zinazama, laini kabisa zinabaki zinaelea. Utaona tabaka tatu, juu maji, chini tope, katikati rojo nyembamba. Nyonya ya katikati tu kwa mpira mwembamba. Tope la chini mwaga kwenye udongo wa mradi mwingine. Warumi wa kale walipaka vyombo vyao vyekundu rojo ya aina hii, na Odundo ndiyo anayoitumia.

Paka kwa brashi laini, mikono mitatu au minne, ukisubiri kila mkono upoteze maji yake. Ukipaka mzito mara moja itabanduka motoni.

Kung'arisha ndiyo kazi yenyewe. Mtungi uwe umekauka kiasi kwamba kokoto inateleza bila kuacha mfereji, lakini bado uwe na ubaridi ukiuweka shavuni. Shika kokoto kwa vidole vitatu. Viduara vidogo, sehemu ya ukubwa wa sarafu, mpaka ing'ae, kisha sarafu ya pembeni yake, zikipandana. Sogea karibu uone: hapa nimeshapita, mwanga wa dirisha unaonekana umekaa, hapa sijapita, mwanga unapotea. Hakuna kilichoongezwa. Punje za udongo ni bapa, kokoto inazilaza zote upande mmoja, ndipo zinarudisha mwanga.

Itakuchukua saa nyingi na haitaki kukatizwa. Ukienda kula ukarudi, mpaka kati ya kulikokauka na kubichi utaonekana hata baada ya moto. Ndiyo maana Odundo anatoa kazi chache kwa mwaka, na nadhani ndiyo maana wanafunzi wengi wa ufinyanzi hukimbilia gleizi. Gleizi inasamehe, inafunika. Uso huu hausamehi kitu, mstari ulioachwa na msumeno jana asubuhi utauona leo, na utauona na kesho. Ukimaliza na kokoto, pita mara ya mwisho kwa kitambaa cha pamba kilichozungushwa kidoleni. Kuanzia hapo usiushike kwa mikono yenye jasho.

Ukaushe kivulini wiki moja au mbili, mahali pasipo na upepo mkali.

Tumefika kwenye moto. Odundo anachoma kwa tanuri la gesi. Sisi tutachoma uani, kwa hiyo tahadhari kwanza: mbali na nyumba na nyasi, ndoo ya mchanga karibu, watoto ndani, na msiwashe siku ya upepo. Kinachopasua vyungu ni maji yaliyobaki ukutani; yakifika nyuzi 100 yanakuwa mvuke na yanatafuta mlango. Kwa hiyo weka mtungi pembeni ya moto mdogo, uugeuze kila baada ya dakika chache, uusogeze karibu kidogo kidogo kwa muda wa saa mbili. Ukipitisha kioo cha mkononi juu ya mdomo wake kisipate ukungu, maji ya kawaida yamekwisha.

Tandaza makaa chini, juu yake vigae vya kukalia mtungi, mtungi wenyewe uukingie kwa vigae vingine ili kuni zisiugonge. Panga kuni nyembamba pande zote, juu weka samadi ya ng'ombe iliyokauka, maana inaungua polepole na joto lake halirukiruki. Washa kwa juu. Moto ukishuka kuelekea chini, mtungi unapanda joto taratibu. Ukifika wekundu wa makaa, uko kati ya nyuzi 600 na 800, na hapo panatutosha. Usitafute joto la tanuri la gleizi. Ukikaribia nyuzi 1000 zile punje tulizozilaza zinajipanga upya na mng'ao unakufa.

Acha moto upumue mpaka mwisho. Udongo huu una madini ya chuma, na chuma kikipata hewa ya kutosha motoni kinatoa ule wekundu wa machungwa unaouona kwenye kazi nyingi za Odundo. Usichomoe mtungi ungali moto, upoe na majivu mpaka kesho.

Hapo una mtungi mwekundu. Ukiupenda hivyo, ishia hapa. Ukitaka mweusi, udongo ni uleule na rojo ni ileile. Unaurudisha motoni mara ya pili na kuunyima hewa. Hatua hii Odundo alikwenda kuitazama mbali, kijiji cha San Ildefonso Pueblo, New Mexico, Marekani, kwa wenyeji wa pale, ambako Maria Martinez alijulikana dunia nzima kwa vyombo vyeusi vinavyong'aa. Wafinyanzi wa kule wanasubiri moto ukolee, kisha wanaufukia kwa samadi ya farasi iliyosagwa, moshi ukose pa kwenda. Odundo yeye anaufungia mtungi ndani ya chombo pamoja na vipande vya mbao, ndani ya tanuri.

Sisi tutatumia debe la mafuta ya kula. Lile jembamba la chuma, siyo ndoo ya bati yenye zinki. Zinki ikiungua mvuke wake ni sumu. Mimina maranda ya fundi seremala chini, weka mtungi, jaza maranda pande zote na ndani ya mtungi. Funika kwa mfuniko wa chuma, ziba ukingo kwa udongo mbichi, acha kitundu kimoja cha kidole. Pasha taratibu, halafu jenga moto kulizunguka debe. Kitundu kitatoa moshi mweupe, baadaye moshi wa manjano unaoshika moto. Ule mwali wa kitunduni ukizimika wenyewe, ziba kitundu. Ndani humo maranda yametaka oksijeni, hewa ikawa imekwisha, yakainyang'anya chuma kilichomo kwenye udongo. Chuma kikapoteza wekundu, na masizi yakaingia kwenye vitundu vya udongo.

Usifungue mpaka debe liwe baridi kabisa mkononi. Hewa ikiingia mapema inarudisha wekundu mahali ilipopenya. Fungua, toa majivu kwa brashi kavu, futa kwa kitambaa.

Huu wangu umetoka mweusi mdomoni na shingoni, na ubavu mmoja una doa la machungwa karibu na kitako, mfuniko haukukaa sawa upande huo. Odundo anazo kazi ambazo rangi hizi mbili zinakutana kwenye mwili mmoja, basi mimi nitaliacha. Wewe ukitaka weusi mtupu, rudisha kwenye debe na maranda mapya.

Maji usiweke ndani. Vitundu bado viko wazi, kitako kitalowa na mng'ao utafifia. Maua makavu hayana shida.